Gari la Baba Lililokata Kona Kinyume

Mama alikuwa ameshapima. Alichukua kamba ya kuanikia nguo, akaivuta kutoka ukutani hadi kwenye karo, akatangaza kwamba banda la kuku hamsini linaenea pale pale lilipolala gari la baba. Mnunuzi wa vyuma chakavu angekuja Jumamosi. Tatizo lilikuwa moja tu: baba alikuwa ndani ya hilo gari.

Alikuwamo kweli. Kila asubuhi akishakunywa chai, alifungua mlango wa gari lake, salun ndogo iliyokufa injini, akakaa kwenye usukani, akafunga mkanda, akaweka redio ya betri juu ya dashibodi na kutulia humo hadi adhuhuri. Gari lilikuwa juu ya matofali kwa mwaka wa nne. Baba alikuwa dereva wa matela, miaka thelathini ya kwenda Tunduma na kurudi, na hiyo salun ndiyo aliyoinunua alipostaafu. Mama alikuwa akimpitishia maji dirishani huku akimsema.

"Baba watoto, unaelekea wapi leo?"

"Nipo foleni," baba alikuwa akijibu.

Sisi watoto tulicheka sana siku za mwanzo. Mwaka wa nne mimi niliacha kucheka. Niliona anaingia mle mapema zaidi na kutoka amechoka zaidi, na niliogopa. Siku gari likibebwa, mzee angekaa wapi? Basi nikamwomba mama anipe mwezi mmoja nitie injini nyingine. Mama alinitazama kama ninavyowatazama wanafunzi wangu wa darasa la tatu wakiniambia daftari limeliwa na mbuzi. Lakini akakubali: mwezi mmoja, na siku ya kulijaribu awepo, aone kwa macho yake. Mnunuzi akaambiwa asubiri hadi Jumamosi ya mwisho; lisipotembea, linakwenda kupimwa kilo.

Fundi niliyempata alikuwa na gereji ya wazi pembeni ya uwanja wa mpira, kule kwetu Kipawa, mahali ambapo ndege ikishuka watu wote hukata sentensi katikati, wakasubiri, kisha wakaendelea pale pale walipoishia. Alikuwa mtu wa Kusini, mtoto na mjukuu wa wachonga vinyago. Mikono yake ilikuwa mizuri kuitazama ikifanya kazi. Ila alikuwa na tabia moja: hakuamini futi ya kupimia. Chuma chochote kipya cha kutia kwenye gari, kwanza alikichonga kwa mti, akakijaribisha, akakipunguza, akakijaribisha tena, ndipo akampa mchomeleaji akitoe kwa chuma.

Injini ya mtumba tuliyoipata ilitoka kwenye gari la mizigo. Ilikuwa nzima lakini nene. Bakuli lake la oili lilikuja kukalia reki, kile chuma kirefu kinachopokea usukani na kuyasukuma magurudumu kulia na kushoto. Injini na reki visingeweza kukaa chumba kimoja.

"Sista, hapa hakuna ishu," fundi akaniambia, uso umeng'aa. "Reki ilikuwa inakaa nyuma ya magurudumu, sie tunaileta mbele. Na ile mikono ya magurudumu inayoshika reki tunaigeuza, nayo itazame mbele."

"Umewahi kufanya?"

Ndege ikapita. Tukasubiri.

"Ntachonga," akasema.

Akachonga. Nilienda Jumatatu nikakuta kishikio cha reki cha mninga, kimepigwa msasa hadi kinateleza. Jumatano nikakuta kingine, maana cha kwanza kilikuwa kimeshaota pua.

"Pua ya nini?" nilifoka. Huwa nafoka, nakiri.

"Samahani sista, mkono ulijiendea wenyewe. Nilikuwa nasubiri mchomeleaji."

Cha pili alikipaka mafuta. Nikamuuliza kwa nini anapaka mafuta kitu cha kutupa, akanieleza kwa upole kwamba yeye hawezi kuacha mti mkavu, kwao ni aibu. Nami nilikuwa nahesabu siku. Lakini lazima niseme ukweli: chuma kilipotoka kwa mchomeleaji kilikaa mahali pake bila kugongwa nyundo hata mara moja. Injini ikashuka. Reki ikakaa mbele, imenyooka. Nilipiga makofi peke yangu pale gereji, mwalimu mzima.

Ijumaa ya mwisho tukakusanyika pale gereji. Mama alikuja na mkoba wake wa harusini na simu mkononi, namba ya mnunuzi wa chuma iko tayari. Baba alikaa juu ya tairi kuukuu, fimbo katikati ya magoti. Alikuwa amevaa lile shati lake la kazi. Nilipoliona nilitamani kulia.

Injini ikaitika mara ya kwanza. Fundi akaliondoa kwa mbio, mkono mmoja nje ya dirisha kama bwana harusi, akakata kulia kuingia uwanjani. Gari likaenda kushoto. Likapanda rundo la matairi na kuzima.

"Limelala sana," fundi akapiga kelele. "Bado halijazoea!"

Akarudi nyuma, akanyoosha, akakata kushoto. Gari likaenda kulia, likabeba kamba iliyoanikwa maovaroli, likaendelea na maovaroli juu ya kioo hadi breki zilipomkumbuka. Nikamwambia ashuke, hajui kuendesha. Nikaingia mimi. Nilikwenda vizuri kabisa mpaka nilipoona goli mbele yangu. Nikalikwepa. Kadiri nilivyozidi kulikwepa ndivyo nilivyozidi kulifuata, na mwisho nikaligonga mlingoti, taratibu, mbele ya mama yangu mzazi. Mlingoti ukalala.

Hapo ndipo tulipojua sote kwamba usukani unakwenda kinyume. Fundi alichuchumaa mbele ya gurudumu, akashika kichwa. Mama akainua simu.

"Mnaona wenyewe," akasema, na hata hakusema kwa ubaya. "Mie sina kosa."

Nilimgeukia baba ili nimwombe radhi, nikaona mikono yake. Ilikuwa hewani, juu ya fimbo, inazunguka kidogo huku na kidogo kule. Akasimama.

"Shuka," akaniambia.

"Baba, linakwenda kinyume."

"Nimeona. Shuka."

Akaingia, akafunga mkanda, akaweka redio yake juu ya dashibodi. Gari likaondoka polepole sana. Likaikwepa milingoti iliyobaki, likazunguka kibendera cha kona, likarudi kwa kupita katikati ya mlingoti ulioanguka na rundo la matairi, nafasi ambayo mimi nisingepita hata kwa miguu bila kuchafua gauni. Likasimama mbele yetu. Fundi alikuwa mdomo wazi.

"Mzee, umewezaje?"

"Miaka thelathini narudisha tela nyuma," baba akasema. "Ukitaka mkia wa tela uende kulia, usukani unaupeleka kushoto. Nyie mlikuwa mnaliendesha. Mie nalirudisha, ila natazama mbele." Kisha akamwinamia fundi dirishani. "Haya, wewe. Zamani reki ilikuwa inalishika gurudumu mkia. Sasa umelishika pua. Ukisukuma mkia kulia, pua inakwenda wapi?"

"Kushoto," fundi akajibu, kwa sauti ile ile ya wanafunzi wangu wa darasa la tatu.

"Basi hukujua kuchonga, ama hukujua kufikiri?"

"Kufikiri, mzee."

Fundi alikuja kulirekebisha baadaye. Aliinyanyua injini na kuirudisha reki nyuma, kazi ya wiki mbili na vishikio vinne vya mninga. Leo linakata kona kama magari mengine, na baba analalamika kwamba limepungua utamu.

Lakini ile Ijumaa hakuna aliyewaza wiki mbili. Baba alikuwa anacheka. Anacheka kabisa, mdomo wote, na mimi sikuwa nimeyaona meno yake ya nyuma tangu astaafu. Mama alisimama akimtazama, simu ikiwa bado mkononi. Kisha akauzunguka uso wa gari kwa mbali, kwa tahadhari, akafungua mlango wa abiria, akakaa, akapakata mkoba.

"Unaelekea wapi leo?" akamuuliza.

"Popote pasipo na magoli."

Walianza kuzunguka uwanja, mwendo wa kumsindikiza mgeni. Ndege ikashuka, ikatufunga midomo sote. Kelele zilipokwisha gari lilikuwa linapita mbele yangu kwa mara ya pili, na nikamsikia mama akiongea na simu dirishani.

"Kesho usije," alikuwa anasema. "Mwenyewe analitumia."