Mapipa ya Manase

Jirani yangu Anastasia haamini kitu mpaka akishike. Ukimwambia mvua imenyesha kijiji cha pili, anauliza nani kalowa. Mtu mmoja tu alimwamini bila maswali: Manase, mdogo wa marehemu mumewe, mwenye mashine ya kukamua alizeti pale Shelui.

Mwaka jana, kabla ya msimu wa kupanda, Manase alisimama kwenye mkutano wa wakulima akataka serikali ipandishe ushuru wa mafuta ya kula yanayotoka nje. Yakiingia kwa bei ya kutupwa, alisema, alizeti yetu itakosa mnunuzi, mashine zitafungwa, vijana wakose kazi. Alisema vizuri, siwezi kumnyima hilo. Anastasia akarudi akapanda alizeti shamba zima, hata kile kipande cha mtama wa chakula. Nilimwonya. Akaniambia mimi mwoga.

Mwezi wa sita bajeti ikasomwa, ushuru ukapanda kweli. Tukapakia magunia yake kwenye guta, asubuhi ya baridi ile inayoingia mpaka kwenye mifupa, tukaenda kwa Manase.

Mashine ilikuwa kimya. Stoo ilikuwa wazi, imejaa mapipa mpaka mlangoni. Mezani zilipangwa chupa za kuuzia wasafiri, zimeandikwa "Alizeti Safi", na mafuta yameganda chini, meupe kama samli. Alizeti haigandi kwa baridi yetu. Huku kwetu hata mtoto anajua.

"Shemeji, haya si mawese ya kutoka nje?" Anastasia aliuliza, chupa mkononi.

Manase hakukana hata.

"Niliyanunua kabla ya bajeti, shemeji. Ushuru ukipanda, yaliyokwisha kuingia nayo yanapanda bei. Alizeti nitanunua haya yakiisha. Labda mwakani."

"Na ushuru si wewe uliyeuomba?"

"Niliomba. Na utawasaidia tu, mkivumilia."

Anastasia akairudisha chupa mezani, akarudi kwenye guta. Madalali wa barabarani walitutajia bei ya aibu, tukarudi na magunia yote.

Tuliposhusha mzigo kwake, nikaaga. Akaniita. Anastasia, ambaye hajawahi kuomba hata chumvi kwa jirani, aliangalia pembeni akaniuliza kama nina mtama wa kumpa.