Mvua Isiyokubali Picha

Wapiga picha wa harusi wa Rumonge wana desturi moja: tone la kwanza likidondoka, kamera inafichwa na mwenyewe anakwenda kula pilau. Esha hakuifuata. Tangu afungue studio yake karibu na soko, alitaka kitu kimoja tu: mvua inayoanguka ionekane kwenye picha. Mvua nayo ikamkatalia miaka yote. Akipiga bila flashi, haionekani. Watu wanabaki wamelowa tu, kama waliovuliwa ziwani. Akiwasha flashi, matone ya karibu yanageuka madoa meupe. Mumewe Jamali, mtu wa kusema kweli bila kuombwa, aliwahi kuuliza kwa nini bibi harusi ana upele hewani.

Siku ya harusi ya Sabrina, alasiri, mawingu yalishuka kutoka milimani na mvua ikamwagika. Wageni wakakimbilia barazani. Sharifa, shangazi wa bwana harusi, akatoa hukumu papo hapo.

"Nilisema mie! Huyu mutoto alikuwa anakomba sufuria kwao. Mukomba sufuria, harusi yake inanyeshewa."

"Nilikomba, shangazi, na ukoko nikala," Sabrina akajibu. "Dada Esha, hii mvua nataka ionekane."

Hakuna mteja aliyewahi kumwambia Esha maneno hayo. Wote walitaka jua, hata siku ambayo halikuwepo.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na ghala la mafuta ya mawese, mlango wazi, ndani giza tupu. Esha akawasimamisha maharusi mbele ya mlango, kwenye mvua yenyewe. Kisha akamwita Karoli, dereva wa pikipiki, au moto kama wanavyoiita Rumonge, aliyejibanza barazani.

"Ingiza moto yako mule ghalani, nyuma yao, uwashe taa."

"Nivuke na mvua yote hii?"

"Kwani wewe ni sukari?"

Taa ikawaka nyuma ya gauni, na mvua ikatokeza kama pazia la shanga. Esha akapiga. Akafuta lenzi kwa mtandio, akapiga tena. Mtandio ukalowa, akafutia kanzu ya bwana harusi.

"Basi, dada, nimelowa chapachapa," Abdoulkarim akalalamika.

"Simama hapo! Mke umemsubiri miaka mitatu, picha inakushinda?"

Mara mvua ikakatika, ghafla kama ilivyokuja. Esha akapekua picha zake moja moja. Iliyofaa ilikuwa moja tu: mvua yote, tone kwa tone, kutoka paani mpaka chini, na Sabrina katikati anacheka. Kando yake Abdoulkarim amefumba macho, mdomo wazi, kama mtu anayetafuta chafya.

"Bwana harusi ametoka vibaya," Esha akakiri.

Sabrina akaitazama. "Huyo nitamuona kila siku. Isafishe, tena kubwa."

Abdoulkarim aliomba basi akatwe kwenye picha. Esha akamjibu kwamba haiwezekani, akimkata atapunguza mvua.