Jino la Kuchorwa

Mtaa mzima ulimwita Mama Pasi, hata wale ambao hawajawahi kumpelekea shati. Alipiga pasi kwenye nyumba ya wageni, chumba cha nyuma, kile chenye dirisha moja linalotazama ukuta. Shuka ziliingia kwake zimekunjamana kama uso wa mtu aliyeamshwa kabla ya wakati wake, zikatoka zimenyooka hivi kwamba inzi akitua anateleza mpaka sakafuni. Wala hazikuisha. Akimaliza za ghorofa ya juu, za chini zimeshalaliwa. Ikifika jioni miguu imevimba, si yeye tena aliyevaa viatu, viatu ndivyo vimemvaa yeye.

Na juu ya uchovu huo, jino lake la mbele lilikuwa limemsumbua mpaka likang'olewa. Tangu hapo akawa anaongea kiganja kikiwa mdomoni, na kioo akakikimbia kama mtu anayedaiwa. Binti yake, aliyekaa mapokezi pale pale kwenye nyumba ya wageni, hakumpa nafasi ya kupumua: mama weka jino la bandia, mama utatisha wageni. Mama Pasi akamjibu kwamba wageni hawalali na meno yake, wanalala na shuka zake.

Kazi yenyewe aliirithi. Marehemu mama yake alikuwa dobi wa pasi ya makaa, na yeye alikuwa na pengo, juu, mbele, upande wa kushoto. Jinsi lilivyopatikana ni hadithi ndefu. Wapo waliosema lilimtoka akikata kwa meno uzi wa koti la askari mmoja, koti zito ajabu, lilivaliwa na watu wawili kwa zamu. Mwenyewe alisema jino lilihama kwa hiari yake, limechoka kusikiliza umbea. Lakini pengo hilo ndilo lililowalisha. Alipiga funda la maji, akabana midomo, akapuliza, na maji yakatoka fsss, laini kama umande, hata kuku aliyepita chini ya meza hakujua kwamba amelowa mpaka kesho yake. Mashati ya watu wakubwa wote yalinyunyiziwa hivyo, na hakuna aliyelalamika, maana hakuna aliyeuliza.

Ya mama huyo ilibaki picha moja tu. Amesimama nyuma ya meza ya pasi, anacheka, pengo liko wazi kama mlango wa duka. Mama Pasi aliitundika juu ya kitanda. Kila aliporudi kazini alikaa, akavisukuma viatu kwa vidole vya miguu, akaitazama kidogo kabla ya kuwasha jiko. Hakuwa na starehe nyingine, na hiyo ilimtosha.

Sasa unyevu wa ukutani ukaanza kuila picha kutoka pembeni. Siku alipoona umefika kwenye kiwiko cha mama, akaiondoa ukutani. Kwani kichwani mwake sura ya mama ilishaanza kumtoka. Akifumba macho alipata sauti, akapata harufu ya makaa, uso hapati. Picha ikienda, uso umekwenda nayo.

Akaibeba mpaka kwenye kibanda cha fundi picha. Fundi mwenyewe alishafariki, kibanda kimebaki kwa mkwewe, mchora mabango, mtu mzima mpole mwenye rangi mpaka kwenye nyusi. Mama Pasi akamwambia, "Fundi, nisafishie hii," akaondoka, miguu haikumruhusu kupiga soga.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwa watu wa umri wake, kusafisha picha ni kutoa picha. Ulipeleka filamu, ikasafishwa, ukapewa picha zako kwenye bahasha. Yeye alitaka apewe ya pili, mpya, ambayo unyevu haujaionja. Lakini mchora mabango alikulia kwenye makopo ya rangi, na kwake kusafisha ni kuondoa uchafu. Akachukua wembe, akakwangua ukungu wote. Akaona kitu cheusi mdomoni. Na wiki hiyo alikuwa ametoka kuchora bango la daktari wa meno, rangi nyeupe bado iko kwenye brashi. Mtu wa hivyo ungemzuiaje?

Mama Pasi aliporudi alikuta mwanamke mwenye jino jeupe, pana, la kutosha familia nzima. Lilitangulia kuonekana, kisha ndipo ukamwona mwenye nalo.

"Huyu ni nani?"

"Mama yako, mama. Nimemsafisha."

"Huyu atanyunyizaje?"

Fundi alidhani anaulizwa habari za maua. Alipoeleweshwa akashika kichwa. Kuikwangua ile rangi hawezi, itatoka na mdomo. Anachoweza ni kuchora pengo juu yake, lakini lilikaaje? Lilikuwa pana? Mdomo uliingia ndani kidogo, au ulikaa sawa? Akipaka weusi tu, bibi wa watu ataonekana amepigwa ngumi. Mama Pasi akafumba macho amweleze, akapata sauti na harufu ya makaa tu. Akaibeba picha, akarudi nayo nyumbani akiwa ameigeuza uso chini.

Jioni ile binti alitaka blauzi yake ya kazini. Mama Pasi akaweka pasi kwenye umeme, akashika chupa ya kunyunyizia maji, chupa imeziba. Akaibana, akaipiga mezani, wapi. Binti alishampiga marufuku zamani kutumia mdomo, anaona kinyaa. Lakini mtu aliyechoka hakumbuki marufuku, mikono yake inakumbuka yenyewe. Akapiga funda, akabana midomo, akapuliza.

Fsss.

Maji yalipita kwenye pengo, yakatua juu ya blauzi sawasawa, hakuna tone. Mdomo wa juu ulijikunja upande wa kushoto, shavu likapanda mpaka karibu na jicho. Akabaki vilevile, mkono kwenye pasi. Akageuka, akamwona binti amesimama mlangoni kama aliyemwagiwa maji.

"Bibi wa pichani," binti akasema. Kisha, taratibu, "Mama, hebu rudia."

Akarudia. Akarudia mpaka blauzi ikawa ya kukamua, na kesho yake mapokezi yakakaliwa na mtu mwenye blauzi ya juzi.

Siku yake ya mapumziko Mama Pasi akarudi kibandani na picha kwapani. Ile habari ya jino la bandia binti aliigusa tena asubuhi, akajibiwa asubiri rangi ya picha ikauke kwanza. Akakaa kwenye kiti cha wateja, uso kwa uso na fundi. Akaomba kikombe cha maji, akapiga funda, akapuliza sakafuni ili fundi aone pengo lilivyokuwa likifanya kazi. Kisha akashusha kiganja, kilichokuwa kimesharudi mdomoni kwa mazoea, akakilaza mapajani.

"Chora hili."

Fundi akavuta kiti karibu, akainamisha kichwa, akachagua brashi nyembamba kuliko zote. Akamwomba acheke kidogo, asifunge mdomo na asitikisike, kazi itachukua muda. Mama Pasi akaegemea. Kiti kilikuwa na mgongo mzuri. Hakukumbuka lini mara ya mwisho mtu alimwambia akae asifanye kitu. Akaacha mdomo wazi, akavisukuma viatu kwa vidole, kimoja, halafu cha pili.