Soksi za Muuza Spika

Muuza spika ni mtanashati kupindukia. Kila akigusa kitu hufuta vidole kwa leso, na kabla ya kushauri hugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kama daktari anayepima kifua. Sebuleni kwetu aligonga mara tatu, akatikisa kichwa. Rafu imebana ukutani, na spika ndogo alizobakiwa nazo zina tundu nyuma la kutolea besi, ambalo halitaki ukuta karibu. Alipoziwasha, besi ilivimba. Sauti ya marehemu baba mkwe, kwenye kanda tuliyotaka mama mkwe aisikie, ikawa ngurumo tupu. Mama mkwe akainamisha uso.

"Samahani, mama," alisema, akaketi, akavua kiatu. Halafu soksi! Nilipigwa na butwaa. Aliiviringisha vizuri, akaishindilia kwenye lile tundu, kisha akavua na ya pili kwa ajili ya spika nyingine. Mke wangu alinikanyaga nisiseme neno. Kanda ikarudiwa, na baba mkwe akasikika wazi kabisa, akimtania mkewe kuhusu chai yake ya majimaji.

Muuza spika akatumbukiza miguu mitupu viatuni, akafuta vidole. "Kesho nitaleta sponji."

Mama mkwe alizikingia spika mkono. "Thubutu! Soksi hizo haziguswi."