Kifua Tulichokiacha Kampala

Sikwenda Kampala kutembea. Mjukuu wangu Asimwe, wa miaka mitatu, alikuwa anakufa huku watu wanamwita mzima, kwa sababu ya neno moja: kifua. Kila akishikwa na homa na kukohoa, Anastela, mama mkwe wa binti yangu, hutamka, "Ni kifua tu. Akikua kitaisha." Kifua tu! Kachemsha majani mpaka mbuzi wa jirani wamekosa chakula. Kichomi kikarudi na kurudi, ubavu uleule wa kushoto, na yeye na sufuria yake ileile.

Daktari wetu wa Bukoba alipotazama picha alisema pafu lina kasoro ya kuzaliwa, mtoto afanyiwe upasuaji Mwanza au Kampala. Anastela akaja juu: "Kwetu mtoto hapasuliwi. Mtoto si kuni!" Baba mtoto akaangalia viatu vyake. Mwanaume mzima, jamani! Binti yangu Jovitha analia, mimi nikafunga mizigo. Kampala tulikuwa na pa kulala.

Mutukula, mpakani. Afisa akauliza mtoto anaumwa nini. "Pafu," nikasema. "Aa, kifua," akajibu, akagonga muhuri. Na huyu naye!

Mbele ya Masaka basi lilisimama kwenye ikweta, abiria wakashuka kupiga picha na mstari wa rangi. Watu na akili zao wanachekelea rangi, na Asimwe yuko mapajani mwa mama yake anavuta pumzi mpaka mbavu zinahesabika. Nikamwambia dereva, "Baba, huo mstari utakuwepo hata kesho. Twende!" Alicheka, lakini alipiga honi.

Jioni tulifika Kampala, mtaa wa Mengo, kwa Mama Furaha, Mkongo muuza vitenge wa soko la Nakivubo, aliyewahi kuweka mzigo wake kwangu Bukoba. Alitupokea kwa ugali na sombe, kisamvu cha kwao. "Karibuni, mama. Kule kwenu munakosa hata hospitali?"

"Hospitali tunayo, tena ina daktari mwenye macho. Ninyi mna foleni ya magari."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamtazama mtoto. "Ee Mungu wangu, huyu iko na kifua." Nikamwambia neno hilo sitaki kulisikia, hata kama nyumba ni yake.

Hospitalini tulimkuta daktari wa upasuaji, mama mmoja Mganda mpole, Kiswahili chake kinachechemea. "Jaja," aliniita, ndivyo wanavyomwita bibi, "hii pafu iko na vipande. Hiki cha chini kiliharibika mtoto akiwa tumboni. Iko na vifuko, uchafu inakaa ndani, haitoki. Tunakitoa. Ile nzuri inabaki, itakula, itajaza nafasi."

Jovitha akanishika mkono. "Mama, litakula nini? Litamla mtoto?"

Hata mimi nilishtuka. Halafu nikacheka kwa hasira. Kukula kwa Kiganda ni kukua, na sisi Kihaya chetu tunasema kukura! Wahaya wawili wazima tumeogopa neno letu wenyewe. "Hebu mpasueni," nikasema.

Asubuhi walipomwingiza, niliogopa. Mdomo wangu wote huu ulikauka, nikakaa nimemshika Jovitha na yeye kanishika mimi. Nilijua kabisa kwamba akifia humo, Anastela atasema mimi ndiye niliyemuua, na Jovitha atamwamini.

Mchana daktari alitoka. Mtoto mzima, alisema. Nikaomba nikione kilichotolewa. Alisita, akaniletea beseni. Kipande chenyewe hakikufika ukubwa wa kiganja changu, matobo matupu, usaha umejaa. Hicho ndicho kilichochemshiwa majani mwaka baada ya mwaka!

Wodini Asimwe alikuwa na mrija ubavuni, umeshuka hadi kwenye chupa ya maji chini ya kitanda. Maji yalikuwa yakitoa mapovu ya hewa iliyovuja pafuni. "Jaja, mapovu ikiisha, munaenda nyumbani," alisema nesi. Basi kazi yangu Kampala ikawa kulinda mapovu. Mtoto alipopata nguvu alilia, kilio kirefu kisichokatika katikati kutafuta hewa. Mama wa kitanda cha pili akasonya. Nikamwambia, "Sonya utakavyo, dada. Huyu hajawahi kulia vizuri."

Tulirudi kwa njia ileile. Kwenye ikweta Asimwe alitaka kushuka, nikamshusha, akauruka mstari mara nyingi asichoke, na mimi mzee nikapiga picha. Nilichojifunza safari hii ni kumuuliza anayesema kifua: kifua gani, kimeanza lini, ubavu upi?

Anastela alitungoja mlangoni. Asimwe akampita mbio kumfuata kuku. Yule mama akapiga kigelegele. "Si niliwaambia? Nilisema akikua kitaisha!"

"Kilichokua ni pafu, mkwe wangu," nikamjibu. "Kifua chako nimekiacha Kampala, kwenye beseni. Ukikitaka, basi linaondoka asubuhi."