Udongo Waliouchagua Swala

Siku zile za Ujamaa nilikuwa kibarua katika kambi ya wageni huko Mikumi. Mkuu wa kambi aliniahidi ajira ya kudumu iwapo ningewavuta swala waje karibu na baraza kabla wakubwa wa wilaya hawajafika kutoka Kilosa. Namna ya kuwavuta niliisoma mwenyewe kitabuni. Nilitwanga mifupa iliyochomwa, nikachekecha majivu tena na tena, nikachanganya na chumvi na udongo wa kichuguu, kisha nikausawazisha kwa ubao katika shimo nililochimba karibu na baraza, ili swala waje kuulamba. Nilikosa usingizi kwa kuhofia kwamba nimekosea kipimo.

Swala walikuja. Wakalipita shimo langu kama hawalioni, wakaenda nyuma ya jiko kulamba ardhi pale wapishi walipozoea kukojoa. Sijawahi kumdharau mnyama kiasi kile.

Wakubwa walipofika, walibebewa viti wakakaa huko huko.

"Tazameni wanavyoupenda udongo wa nchi yao!" akasema mmoja wao, mnene, huku akivuta pumzi kwa raha.

Mpishi akaninong'oneza, "Mwambie na yeye aonje, bwana mtaalamu."

Mkuu wa kambi akanishika bega mbele yao. "Hii ni kazi ya kijana wetu huyu."

"Asante, mzee," nikajibu, kwa sauti niliyoidharau kuliko ya yule mnene.

Ajira nikapewa siku ile ile, pamoja na agizo moja: nilifukie lile shimo langu, lisije likamvunja mgeni mguu.