Mizani ya Maharagi

Jirani amewasha jenereta, na harufu ya esansi iliyochanganywa na mafuta ya moteri imeingia jikoni. Ndiyo harufu ya parseli yetu tulimoishi zamani, Nyalukemba, ambako papa alijitengenezea ndege. Moteri yake haikuwa na pistoni. Ndani kilizunguka chuma chenye pembe tatu.

Siku ya kuijaribu alifunga mkia wa ndege kwa kamba kwenye mukaratusi, na katikati ya kamba akatia mizani ambayo maman alipimia maharagi sokoni. Ikivuta kilo themanini, kesho yake angeruka nayo. Papa alikuwa mbele, akikaza na kulegeza skrubu ya kabureta. Maman na mimi tulikuwa nyuma.

"Inavuta ngapi?"

"Iko soixante," maman akajibu. Sitini.

Sindano ya mizani ilikuwa kwenye tisini. Na maman hakuwahi kumpunja mteja.

Papa alirekebisha mpaka esansi ikakaribia kuisha kwenye tangi. Mwishowe akaniuliza mimi.

"Ni vile, mutoto wangu?"

Mkono wa maman ulikuwa begani mwangu. Haukunibana.

"Ni vile, papa."

Akazima moteri, akafungua kamba, akamrudishia maman mizani yake.